Mshubiri, Mnyaa na Mkonge: Mimea ya Pwani Katika Bustani za Arua na Koboko

Sote tunafundisha msemo "chungu kama shubiri", lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kumwonyesha mwanafunzi mmea wenyewe? Makala haya yanaeleza mimea mitatu inayohifadhi maji mwilini, yenye majina ya siku nyingi huko Pwani, na namna ya kuizalisha nyumbani hapa Nile Magharibi.

Kwanza ni mshubiri. Chungwa ni tunda la mchungwa, lakini shubiri si tunda. Ni utomvu mchungu utokao chini ya ngozi ya jani. Mshubiri hutoa machipukizi ubavuni. Chimbua chipukizi pamoja na mizizi yake, ukatenge na mama.

Pili ni mnyaa, unaopandwa kuwa ua wa boma. Kata tawi la urefu wa shibiri moja (wengine hutamka shubiri, nalo ni neno jingine kabisa). Jihadhari: maziwa yake yakiingia machoni yanaweza kupofusha kwa muda, hata kuleta madhara makubwa zaidi. Vaa glavu, na usimwachie mtoto kazi hii.

Tatu ni mkonge. Leo neno hili hutukumbusha mashamba ya Tanga, lakini mkonge wa mashambani uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kabla ya hapo, jina hilo lilikuwa la mmea wa kienyeji wenye majani manene ya nyuzi. Jani la mkonge huo wa kienyeji hukatwa vipande vya sentimita 10 hivi. Tia alama upande wa chini, kwa sababu kipande kikipandwa kichwa chini hakitoi mizizi.

Kanuni ya yote mitatu ni moja: kata, kausha, panda. Anika kidonda kivulini siku tano hadi kumi mpaka kifunge. Wengi hupanda siku ileile na kumwagilia. Baada ya wiki mbili shina limeoza. Pwani mchanga hupitisha maji upesi, lakini hapa mvua hunyesha kwa miezi mingi, takriban Aprili hadi Novemba. Kwa hiyo changanya udongo na mchanga wa mto nusu kwa nusu, toboa chombo chini, uanze kazi hii wakati wa kiangazi. Mwagilia tu udongo ukikauka kabisa.

Using'oe mishubiri ya porini. Omba chipukizi kwa jirani. Kadhalika, usivushe mimea hii mpakani Koboko bila kibali, kwani mkataba wa CITES hudhibiti biashara ya mishubiri ya porini kati ya nchi na nchi.

Kwa mwalimu: leta chipukizi moja darasani. Wanafunzi wakate, wakaushe, wapande, kisha waandike maelekezo kwa mpangilio sahihi. Akikosea mpangilio, mmea wenyewe utamsahihisha.