Bunduki kunyamaza si amani

Kila tukibishana kuhusu vita vya nje, kuna mtu lazima aseme, "Si walishasaini?" Ngoja kwanza.

1/ Mwaka 1795, mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kuhusu amani ya kudumu. Sharti lake la kwanza: mkataba si wa amani kama waliosaini wamebakisha kisirisiri sababu ya kupigana tena. Hapo wamepumzika tu.

2/ Cheki Korea. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalisainiwa 1953. Mkataba wa amani? Mpaka leo hakuna. Ndio maana majeshi bado yanatazamana mpakani.

3/ Kwa hivyo mwanasiasa akijisifu eti "tumeleta amani", muulize: kilichowapiganisha kimetatuliwa, ama wamechoka tu?