Kwenda Pwani na Koti

Mtu aliyezoea fukwe za Diani au Nungwi akishuka kwenye treni mjini Blackpool, kaskazini-magharibi mwa England, atajiuliza watu wanafuata nini hapa. Upepo wa Bahari ya Ireland hauna adabu. Mvua huja, ikaondoka, ikarudi kabla mtu hajakunja mwavuli. Hata Agosti, katikati ya kiangazi, joto la maji halizidi sana nyuzi 17. Lakini halmashauri ya mji hukadiria kuwa wageni hufika mara milioni 20 hivi kwa mwaka, na wengi wao huondoka bila kulowesha hata vifundo vya miguu.

Hawakuja kuogelea. Blackpool imejengwa kwa ajili ya likizo ya mfanyakazi wa kiwandani, na bahari ilikuwa kisingizio kizuri cha kumtoa nyumbani.

Hapo kale Waingereza walikwenda baharini kama mtu aendavyo kwa mganga. Katika miaka ya 1750 tabibu Richard Russell aliwashawishi matajiri kwamba maji ya chumvi ni dawa, ya kuoga na hata ya kunywa, na mji mdogo wa wavuvi alikohamia, Brighton, ukaja kuwa makao ya starehe ya wakubwa. Blackpool haikupata wakubwa wa kuipa jina. Bahati yake ilikuwa reli, iliyofika mwaka 1846, na majirani: Bolton, Oldham, Burnley, Blackburn, miji ya Lancashire iliyojaa viwanda vya kusokota na kufuma pamba. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ilitoka Marekani, nyingine Misri, na mwanzoni mwa karne ya 20 wenye viwanda waliwahimiza hata wakulima wa Uganda waiongeze.

Viwanda viliendeshwa kwa mvuke, na mitambo ilihitaji kuzimwa kila mwaka ikaguliwe na kusafishwa. Basi mji mzima ulifunga kwa wiki moja, kiwanda na maduka. Wiki hiyo iliitwa Wakes, jina lililotokana na sikukuu za zamani za kanisa, na kila mji ulikuwa na wiki yake. Huo ndio utaratibu ulioitajirisha Blackpool, kwa sababu wageni hawakuja kwa mkupuo mmoja wakaisha. Wa Oldham walipofunga virago, wa mji mwingine walikuwa njiani, na mambo yakaenda hivyo kiangazi chote. Wiki hiyo haikuwa na mshahara. Wafanyakazi walichanga senti zao mwaka mzima katika vyama vya akiba, wakazimaliza zote kwa siku saba. Sheria iliyofungua njia ya likizo yenye malipo kwa watu wa kawaida ilipitishwa mwaka 1938.

Walilala katika nyumba za wageni zilizopangana mtaa baada ya mtaa nyuma ya barabara ya pwani, na mtawala wa kila nyumba alikuwa mama mwenye nyumba. Sifa za akina mama hawa zilienea nchi nzima, nyingi zikiwa za kuchekesha, nyingine za kutisha kidogo. Katika nyumba nyingi mgeni alinunua chakula chake mwenyewe, mama akampikia, kisha kwenye hesabu ya mwisho ikaongezwa bei ya kutumia chumvi na pilipili za mezani. Baada ya kifungua kinywa wageni walitakiwa kutoka, wasionekane tena mpaka saa ya chakula, mvua inyeshe isinyeshe.

Hapo ndipo siri ya mji huu ilipo. Maelfu ya watu wako nje, wamevaa nguo zao nzuri, kuna baridi, na fedha ya mwaka mzima iko mfukoni. Lazima pawe na mahali pa kwenda.

Kwanza yalijengwa magati. Gati la North Pier, kazi ya mhandisi Eugenius Birch, lilifunguliwa mwaka 1863. Halikuwa la kufungia meli za shehena. Kazi yake hasa ilikuwa kumwezesha mtu kutembea juu ya bahari bila kulowa, avute hewa ya chumvi kisha arudi. Waliojiona waungwana wakalifanya lao, wakisikiliza muziki wa taratibu. Miaka mitano baadaye likaja Central Pier, na huko watu wa viwandani walicheza dansi mpaka usiku. Mwaka 1893 likaongezwa la tatu kusini. Yote matatu yapo hadi leo, yamesimama juu ya nguzo za chuma ambazo maji yakipwa huonekana zote, zimevaa kome na magugu. Na maji huko hupwa kwelikweli. Wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 8 au zaidi, zaidi ya mara mbili ya ile ya Mombasa.

Kisha mnara. Meya John Bickerstaffe alikwenda Paris kwenye maonyesho ya mwaka 1889, akauona mnara wa Eiffel, akarudi na hamu ya kuwa na wake. Mnara wa Blackpool ulifunguliwa Mei 1894, una urefu wa mita 158, yaani nusu ya ule wa Paris, lakini Waingereza walifanya jambo ambalo Wafaransa hawakulifanya: walijaza jengo zima chini yake. Katikati ya miguu minne ya chuma upo uwanja wa sarakasi ambao sakafu yake huweza kuzamishwa ukawa bwawa. Pembeni upo ukumbi wa dansi uliosanifiwa na Frank Matcham na kufunguliwa mwaka 1899.

Ukumbi huu peke yake unatosha kumfanya mtu apande treni. Dari limechorwa, roshani zimepakwa rangi ya dhahabu, vinara vya kioo vinaning'inia, na sakafu imetengenezwa kwa vipande vya mbao zaidi ya 30,000 vya mkangazi, mwaloni na mjozi, vilivyopangwa kimoja kimoja. Mchana wa siku ya kazi huwakuta humo wazee wa miaka 70 na 80, mume na mke, wakizunguka kwa hatua ambazo miguu inazijua yenyewe, huku chai ikipoa mezani. Muziki hutoka kwenye kinanda kikubwa cha Wurlitzer ambacho huibuka na mpigaji wake kutoka chini ya jukwaa. Reginald Dixon alipiga kinanda ukumbini hapo kuanzia 1930 hadi 1970, na redio ya BBC ikalifanya jina lake lijulikane majumbani. Hakuna anayeuliza kama nje kuna jua.

Zawadi ya mji ni pipi ngumu, nyekundu nje na nyeupe ndani, yenye ladha ya mnanaa. Ikivunjwa popote, maandishi ya jina la Blackpool yanaonekana ndani yake. Watoto hudhani kuna mashine ya kuyaandika. Ukweli ni kwamba yanajengwa kwa mikono. Sukari huchemshwa mpaka izidi nyuzijoto 140, ikamwagwa mezani, na sehemu yake ikavutwavutwa hadi hewa iingie na iwe nyeupe. Mtengenezaji hukata vipande virefu vya sukari ya rangi na nyeupe, akavipanga vikatoa umbo la herufi moja, kisha nyingine, mpaka jina litimie. Herufi zote huzungushwa nyeupe katikati na nyekundu kwa nje, likapatikana bumba nene kuliko kiuno cha mtu. Hapo huanza kuvutwa likiwa bado moto: linakonda, linarefuka, herufi zinapungua zikiwa pamoja, mpaka bumba linakuwa ufito wa kushikwa na mtoto. Sukari ikishapoa haisamehe, kwa hiyo yote hufanywa haraka.

Mchangani wako punda wa kupandwa na watoto, na hawa wana masharti ambayo punda wa Lamu angeyasikia kwa wivu. Halmashauri hutoa vibali kwa wenye punda, na kanuni zake zinawapa wanyama saa ya chakula cha mchana na siku ya kupumzika kila wiki, Ijumaa. Chakula cha binadamu ni samaki wa kukaanga na chipsi zilizomwagiwa siki. Samaki huyo kwa kawaida huvuliwa mbali, kwenye maji ya Norwe na Aisilandi. Hata samaki si wa bahari inayotazamwa.

Jambo lililobaki lilikuwa kuushinda hata msimu. Wakes zilikwisha Septemba, na vyumba vikabaki vitupu. Blackpool ilikuwa na uzoefu wa umeme kabla ya miji mingi: mwaka 1879 iliwasha taa nane za umeme kwenye barabara ya pwani, na mwaka 1885 ikaanzisha tramu ya umeme ambayo bado inaendeshwa hadi sasa, wakati miji mingine ya England iling'oa reli zake. Kutokana na hayo yakazaliwa maonyesho ya taa za vuli. Leo taa hizo hufunika karibu kilomita 10 za pwani na huwaka kuanzia mwisho wa Agosti hadi Januari. Kila mwaka mtu maarufu hualikwa kuziwasha. Mwaka 1977 heshima hiyo alipewa farasi, Red Rum, aliyekuwa ameshinda mbio kubwa za Grand National kwa mara ya tatu.

Halafu zikaja ndege. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 safari za Hispania zikawa rahisi, na mfanyakazi wa Lancashire akagundua kuwa kuna bahari yenye joto. Viwanda vya pamba navyo vilikuwa vinafungwa, na wiki za Wakes zikafa navyo. Nyumba za wageni zikagawanywa vyumba vya bei ya chini, vikavuta watu wasio na kazi na wenye afya mbovu kutoka kila upande. Katika vipimo vya umaskini vya serikali vya mwaka 2019, mitaa 8 kati ya 10 iliyo hoi zaidi England ilikuwa Blackpool. Wa kwanza kabisa kwenye orodha hiyo pia uko pwani, mtaa wa Jaywick katika jimbo la Essex. Mgeni anayetoka barabara ya taa akaingia ndani mitaa miwili tu ataona madirisha yaliyofungwa kwa mbao. Picha za matangazo hazionyeshi upande huo, na kuupita bila kuutazama ni kuuona mji nusu.

Anayetaka kwenda achague Septemba au Oktoba, taa zikiwa zimewaka na shule zimefunguliwa. Treni kutoka Manchester huchukua saa moja na ushei. Avae koti hata kama asubuhi ina jua, aulize saa za maji kabla ya kutembea mbali mchangani, na aingie kwenye ukumbi wa dansi mchana, si usiku. Chipsi azile akiwa ameegemea ukuta, kwa maana shakwe wa pale hawaogopi mtu, na hupenda kuvamia kutoka nyuma.