Kiyoyozi Juu ya Paa la Msikiti: Sadaka Inayohitaji Mlezi

MASHINE ya kupoza hewa inapowekwa juu ya paa la msikiti, waumini hufurahia ubaridi wake siku ya Ijumaa na kumwombea dua aliyeitoa. Ni wachache wanaouliza waya wake umepita wapi, umefungwa na nani, na nani atapanda kuisafisha baada ya miezi mitatu. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama sadaka ile itadumu, au itageuka kuwa deni na pengine msiba.

Kwetu upande wa Ikoma, wilayani Serengeti, jambo hili si geni tena. Hoteli za kitalii zilizo karibu na lango la Ikoma zinahitaji mafundi wa majokofu, vyumba vya baridi na viyoyozi. Wafadhili nao huja na ahadi njema kwa misikiti na madrasa. Kabla ya kupokea, kamati inapaswa kujiuliza: je, tunaihitaji mashine hii?

Nchi yetu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai watu hujifunika blanketi. Wazee wa pwani walijenga kuta nene za mawe na madirisha ya kupitisha upepo. Miji ya Ghuba ikajenga minara ya kunasa upepo, maarufu kwa jina la barjiil. Dari nzuri chini ya bati, madirisha yanayotazamana na feni chache huweza kutosha kwa swala tano za kila siku. Kuwasha mashine kubwa kwa ajili ya safu moja ya Adhuhuri ni israfu.

Ijumaa hesabu hubadilika. Mtu aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100, hivyo waumini 200 hutoa wati 20,000. Kiyoyozi cha nyumbani cha BTU 12,000 huondoa takriban wati 3,500 tu. Vitahitajika karibu sita kwa ajili ya joto la miili peke yake, kabla ya kuhesabu jua linalopiga bati. Ndiyo maana majengo ya hadhara hutumia mashine moja kubwa ya paani, ambayo husambaza hewa kwa njia za mabati. Iliyo nzuri huingiza pia hewa safi ya nje, tofauti na viyoyozi vingi vya ukutani vinavyozungusha hewa ileile. Nyingine huweza kugeuza mzunguko wa gesi yake na kutoa joto wakati wa baridi.

Mashine ya namna hiyo kwa kawaida hutumia umeme wa fezi tatu, volti 400. Haifai kuungwa kwenye waya wa taa au wa kipaza sauti. Inataka njia yake kutoka kwenye swichi kuu, sakiti breka ya kiwango kilichoandikwa kwenye bamba la mashine, waya wa ardhi ulio imara, na swichi ya kuzimia hukohuko paani. Unene wa waya hufuata mzigo na urefu wa safari. Waya mwembamba hupata moto, volti hushuka, na mota ya kompresa hutaabika hadi kuungua.

Fezi moja ikikatika, mota inaweza kuungua kwa muda mfupi. Kwa hiyo kifaa cha kulinda fezi si anasa. Fezi zikipishana wakati wa kufunga, kompresa za aina fulani huzunguka kinyume, zikapiga kelele bila kupoza. Umeme ukikatika na kurudi, mashine isubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuwaka, ili msukumo wa gesi utulie.

Kuhusu usalama, fundi azime swichi, aifunge kwa kufuli, aweke kibao, kisha apime kuhakikisha umeme haupo. Hata hapo kapasita huweza kubaki na chaji inayoweza kumdhuru mtu, hivyo huondolewa chaji kwanza. Kijana wa madrasa asipandishwe paani kwa sababu tu ni mwepesi wa kupanda.

Huduma ya kawaida haina siri. Machujio husafishwa kila mwezi, na mara nyingi zaidi kiangazi, vumbi letu linapozidi. Koili huoshwa, nati za nyaya hukazwa, na njia ya maji huzibuliwa ili dari isivuje. Maji yale huweza kumwagiliwa miti.

Zingatieni hili hata kwa jokofu la nyumbani: gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayekuja kila mwaka "kujaza gesi" bila kutafuta tundu anakuuzia hasara. Na gesi si ya kuachiwa hewani. R22 huharibu tabaka la ozoni, na matumizi yake yanaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R410A haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, jirani zetu, na kukubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. R32 nayo huweza kushika moto, hivyo inataka fundi aliyesomea.

Wanazuoni wa fiqhi wamejadili kwa kirefu dhamana ya mafundi. Walikhitilafiana katika mengi, lakini anayeharibu kwa uzembe hulipa. Basi kamati idai leseni ya EWURA kwa anayefunga umeme, na mapatano yaandikwe: kazi gani, malipo gani, huduma kila baada ya muda gani. Suratul-Baqara, aya ya 282, inatufunza kuandika madeni. Mali ya wakfu inastahili uangalifu usiopungua huo. Mfadhili naye aombwe kuchangia huduma ya miaka ya mwanzo, na kiasi cha LUKU kijulikane kabla ya mashine kupandishwa.

Wazazi nao wana fungu lao. VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi. Kijana wa Robanda au Nata mwenye ujuzi huo anaweza kupata riziki ya halali karibu na kwao, na msikiti ukapata fundi anayemcha Mwenyezi Mungu hata akiwa peke yake paani, mahali ambapo hakuna mjumbe wa kamati anayemwona.

Wabillahi tawfiiq.