Mlio wa Asubuhi Injini Ikiwa Baridi

Pikipiki ikiwashwa asubuhi ikatoa mlio wa kugongagonga kwa sekunde chache, kisha mlio ukapotea, wengi hushukuru na kuondoka. Mlio huo ni kama kikohozi kinachotulia mtu akishakunywa chai: kutulia kwake si kupona. Katika mitaa ya Spring Valley, Kitisuru na Loresho, magharibi mwa Nairobi, kuna pikipiki nyingi kubwa za safari, na wenyewe hupenda kutoka mapema kuelekea Limuru, kuteremka Mai Mahiu, au kushika njia ndefu ya kaskazini hadi Marsabit na Moyale. Nawasihi wausikilize mlio huo wakiwa bado nyumbani, kwa maana kutoka Isiolo hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 250, na duka la spea la pikipiki ya namna hiyo hulipati njiani.

Mara nyingi mlio wenyewe hutoka kwenye mnyororo wa taimingi. Huu si ule wa nje unaozungusha gurudumu la nyuma. Uko ndani ya injini, unaogelea kwenye oili, na kazi yake ni kuunganisha krenkshafti, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, bila kosa. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga zaidi ya mara 40 kwa sekunde moja. Katika injini nyingi za kisasa pistoni hupanda hadi pale pale valvu ilipokuwa nukta ya sekunde iliyopita. Mnyororo ukiruka meno kadhaa ya sproketi, pistoni huigonga valvu na kuipinda. Hapo ndipo mtu anaambiwa afungue injini yote.

Mafundi husema mnyororo umevutika. Kwa kweli chuma chenyewe hakijavutika hata kidogo. Kinacholika ni pini na bushi kwenye kila kiungo. Chukua mnyororo wenye viungo 100: kila kiungo kikilika kwa milimita 0.02 tu, ambayo ni nyembamba kuliko unywele, mnyororo wote umerefuka kwa milimita 2. Ulegevu huo hukusanyika upande mmoja, ule ambao mnyororo unarudi bila kuvutwa, na hapo ndipo inapokaa tenshena. Husukuma reli iliyopinda, yenye uso wa plastiki ngumu, na reli huubana mnyororo usichezecheze.

Ziko tenshena za aina tatu. Ya kwanza hukazwa kwa mkono kwa boliti, na humtegemea fundi mwenye sikio zuri. Ya pili ina springi na kijiti cha chuma chenye meno kama ya msumeno: kadiri mnyororo unavyorefuka kijiti huchomoza, na meno hayakiruhusu kurudi. Ya tatu husukumwa na shinikizo la oili. Hii ya tatu ndiyo yenye mlio wa asubuhi ulio maarufu zaidi, kwa sababu pikipiki ikilala oili hutiririka na kuiacha tupu, na ikiwashwa mnyororo hucheza mpaka pampu iijaze tena. Sekunde moja au mbili kwa baadhi ya injini si ugonjwa. Wenye BMW za zamani za R1100 na R1150 wanaujua vizuri mlio huo kwenye silinda ya kushoto. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko: mlio uliokuwa wa sekunde mbili mwaka jana sasa ni wa sekunde tano, au unarudi injini ikiwa moto na imetulia bila resi.

Lakini ipo injini iliyoharibika bila kulalamika, na kisa chake kinafaa kujulikana na kila anayenunua pikipiki iliyotumika. Harley-Davidson ilitoa injini ya Twin Cam 88 mwaka 1999 na kuifunga kwenye pikipiki za safari kama Electra Glide na Road King. Ina kamshafti mbili chini, karibu na krenkshafti, na minyororo miwili. Kila mnyororo ulibanwa na kiatu cha plastiki kilichosukumwa na springi kali. Springi ile haikuwa na mapumziko. Injini iwe baridi au moto, iende taratibu au kasi, kiatu kilisuguliwa kwa nguvu ile ile. Kikiisha, mnyororo hufikia chuma, na unga wa plastiki na wa chuma huingia kwenye oili na kuelekea kwenye pampu. Pampu ikikwaruzika, shinikizo hushuka na injini nzima hukaukiwa. Kampuni ilibadilisha mpango: pikipiki zake za safari za mwaka 2007 zilikuja na Twin Cam 96 yenye tenshena za oili. Kwa hiyo ukiuziwa Nairobi Road King ya mwaka kati ya 1999 na 2006, omba kifuniko cha kamshafti kifunguliwe upande wa kulia na viatu vitazamwe kabla hujatoa pesa. Mwenye kuuza akikataa, iache.

Tatizo la mnyororo kulika liliwahi kuwafanya wahandisi waamue kuutupa mnyororo kabisa. Honda iligundua kwamba katika nchi nyingi pikipiki zake ndogo zilikuwa zikibebeshwa mizigo mizito huku oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, na injini zenye kamshafti juu zilikuwa zikifa mapema. Mwaka 1976 ikatoa CG125: kamshafti chini, ikizungushwa na gia, na vijiti virefu vya kusukuma valvu. Nakala za Kichina za injini hiyo ndizo zilizotapakaa Afrika Mashariki bodaboda zilipoenea. Lakini Boxer ya Bajaj inayopendwa sana na wanabodaboda wa Nairobi ina mnyororo wa taimingi, kwa hiyo haya si mambo ya wenye pikipiki za mamilioni peke yao. Kijana anayengoja abiria kwenye kona ya Lower Kabete Road hubeba hatari ile ile, na injini yake ndiyo chakula cha watoto wake.

Kinachoharakisha uchakavu ni oili kuliko kitu kingine chochote. Oili iliyochakaa hupoteza uzito wake, na iliyopungua humfanya mtu aendeshe huku tenshena ikisukumwa na mapovu ya hewa. Vumbi ni adui wa pili. Mchanga wa kwarzi una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs chenye upeo wa 10, na filta ya hewa isiyokaa sawasawa baada ya safari ya barabara za murram huupitisha hadi kwenye oili, ambako hugeuka kuwa dawa ya kusugulia pini na bushi. La tatu halisemwi sana. Magharibi mwa Nairobi ni mabonde na miinuko, na watu huegesha pikipiki mlimani ikiwa kwenye gia. Ikisogea kinyumenyume, injini huzungushwa kinyume, na mvuto wa mnyororo huhamia upande wa tenshena, ambao haukutengenezwa kuubeba. Egesha mahali tambarare, au itegemeze kwa njia nyingine.

Sasa, kusikiliza. Injini lazima iwe imelala usiku kucha, na hapa afya ya mwenyewe inaingia. Gereji za mitaa hii hufungwa vizuri, na asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12 hivi hakuna anayetaka kufungua mlango. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu aliyeinama kwenye injini akitafuta mlio huvuta nyingi zaidi. Kufungua mlango nusu hakutoshi. Isukume pikipiki nje kabisa ndipo uiwashe. Fundi hodari huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye boliti za tenshena na mpini wake mfupani karibu na sikio. Mlio wa mnyororo hutofautiana na wa tepeti za valvu: tepeti hugonga kwa mpigo unaohesabika, mnyororo hukwaruza na kutetema pamoja.

Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote hufanywa na mtu mwenye nia njema. Anailegeza tenshena ya meno ili aichungulie, kisha anakaza boliti tena. Boliti zinapolegea, kijiti huruka mbele, na kwa kuwa hakirudi, ukikaza unausukuma mnyororo kupita kiasi. Injini huanza kuimba kwa sauti nyembamba, na beringi za kamshafti hulika. Tenshena ikiguswa itolewe yote, kijiti kirudishwe ndani kwa utaratibu wake, na pistoni iwe imefungwa juu kwenye alama ya taimingi kabla boliti hazijaguswa. Na ukikuta kijiti kimechomoza karibu kufikia mwisho wake, tenshena mpya peke yake haitakusaidia. Mnyororo, reli na sproketi zibadilishwe pamoja, na kama unanunua spea Barabara ya Kirinyaga jijini, nenda na vile vya zamani mkononi uvilinganishe urefu.

Kazi hii humwaga oili chafu, na mafundi wetu wengi huishika kwa mikono mitupu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha kwenye Kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na oili iliyokwisha tumika kwenye injini hukusanya kemikali za mwako zenye sifa mbaya kama hiyo. Benzini, iliyomo kwenye petroli, iko Kundi la 1 pia, na wapo wanaonawa mikono kwa petroli kila jioni, ambayo huondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia njia sumu. Sabuni na maji ya vuguvugu yanatosha. Oili ya zamani iwekwe kwenye mtungi uliofungwa na kupelekwa gereji inayoikusanya, isimwagwe kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro ya mabonde haya huishia Mto Nairobi. Anayemwita fundi nyumbani amnunulie jozi kadhaa za glavu za nitrili pamoja na oili mpya na filta.