Kutoka Ulanzi hadi Jini: Elimu ya Kukeneka Kileo

Msimu wa mvua ufikapo katika nyanda za Iringa, machipukizi ya milanzi hukatwa ncha, na mbeta hufungwa penye jeraha ili kukinga utomvu. Asubuhi na jioni mgema hurudi kukata kipande chembamba ili utomvu usikome. Utomvu huo mtamu huanza kuchachuka ndani ya mbeta yenyewe, kwa kazi ya hamira za asili, na kugeuka kileo. Lakini ulanzi haukai. Siku chache zikipita huwa mkali mno, na usionywewa humwagwa.

Hasara hiyo ndiyo inayowavuta watu kwenye ukenekaji. Chukulia mume na mke wenye milanzi Iringa, na jamaa zao walimao ndizi Rungwe, mkoani Mbeya. Wanataka kufungua kiwanda kidogo cha jini, na kuendesha warsha ambamo wageni watajifunza kazi kwa mikono yao. Je, wanahitaji kujua nini?

Kukeneka ni nini

Kukeneka ni kuchemsha kioevu, kuupoza mvuke wake, na kukinga matone. Alkoholi ya vileo, yaani ethanoli, huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na maji kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo mvuke wa kwanza huwa na alkoholi nyingi kuliko kioevu kilichobaki chunguni. Ukenekaji hauongezi alkoholi, bali huikusanya tu. Lita 100 za pombe yenye alkoholi asilimia 5 zina lita 5 tu za ethanoli. Hata isipopotea hata kidogo, haziwezi kutoa zaidi ya lita 12 na nusu za kileo cha asilimia 40. Hesabu hii yafaa ifanywe kabla ya kununua kuni.

Jini ni kileo cha namna hiyo kilichotiwa harufu ya vitunda vya juniperi. Jina lake halitokani na majini wa hadithi, bali na neno la Kiholanzi, jenever, lenye maana ya mti huo. Giligilani na maganda ya limau au chungwa huongezwa pia. Mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki ni wa jamaa ya juniperi, lakini udugu wa mimea si cheti cha usalama. Vitunda vyake visitumiwe kabla ya kupimwa na wataalamu.

Nyanda za juu na kipimajoto

Hapa pana jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havilitaji. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa huko ni ndogo, maji huchemka karibu nyuzi 94, na ethanoli karibu nyuzi 73. Anayengoja kipimajoto kifike 78 kama kitabu kisemavyo atakuwa amekosea tangu mwanzo.

Sumu hutoka wapi

Katika kuchachuka hutokea pia methanoli kidogo. Ndizi, kwa ajili ya pektini yake, hutoa nyingi kuliko nafaka. Mwilini methanoli hugeuka asidi ya fomiki, ambayo hupofusha macho na huweza kuua. Wengi huamini kwamba kumwaga matone ya kwanza huiondoa yote. Sivyo. Kumwaga huko huondoa baadhi ya kemikali zenye harufu mbaya, lakini methanoli huendelea kutoka pamoja na ethanoli. Kwa hiyo kinga ya kweli ni kuchagua malighafi nzuri na kupima kila mkupuo katika maabara.

Hata hivyo, vifo vya halaiki kwa kawaida havitokani na kuchachuka. Mjini Nairobi, mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe yenye methanoli. Misiba ya namna hiyo huletwa hasa na methanoli ya viwandani inayochanganywa ili kileo kiwe kikali kwa bei ndogo. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi kuna watiao kibaya kuliko maji. Hatari nyingine ni vyombo: rejeta kuukuu ya gari ikitumiwa kupozea mvuke huacha risasi ndani ya kinywaji.

Sheria na warsha

Tanzania ilitunga sheria mwaka 1966 ya kuzuia utengenezaji wa moshi, yaani gongo, bila leseni. Uganda, kwa sheria ya mwaka 1965, iliwataka wakenekaji wauze enguli yao kwa kiwanda kilichoikeneka upya na kuiuza kwa jina la Uganda Waragi. Funzo ni kwamba kileo cha kijijini chaweza kuwa malighafi, mradi yupo wa kukisafisha na kukipima. Basi leseni itangulie moto, na Shirika la Viwango lipime kileo kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa.

Na warsha? Wageni wasianze na kileo kabisa. Waanze kwa kukeneka maji na mchaichai. Wataona mvuke ukipanda, ukipoa na kudondoka, na mafuta yenye harufu yakielea juu ya maji, bila kuvunja sheria. Kisha wajifunze kutumia haidromita, kuchagua viungo, na kuzimua kileo kilichokwisha kupimwa. Chungu na moto viachiwe wenye ujuzi, kwa maana mvuke wa ethanoli hulipuka.

Mwenye gongo na mwenye jini wote wana chungu, moto na maji baridi. Wanachotofautiana ni kipimo, na uaminifu wa kumwaga mkupuo mzima pindi kipimo kikiukataa.