Kuhariri, Kubuni na Kuzua: Senema na Njia ya Misafara ya Tabora

Isevya ni mojawapo ya kata za mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ambako njia ya misafara iliyotoka pwani iligawanyika: moja ikaenda Ujiji, na nyingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Si mbali na hapo ni Kwihara, ambako Henry Morton Stanley na David Livingstone walikaa pamoja mwaka wa 1872, katika tembe ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Safari ile haikupigwa picha ya senema, wala haikuwezekana kupigwa, kwa kuwa ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walionyesha senema yao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kwa hiyo kila picha imwonyeshayo mpagazi wa zama za Stanley akitembea na mzigo wa pembe ni picha iliyotengenezwa baadaye. Jambo hili ni wazi, lakini husahauliwa upesi mtu akaapo mbele ya picha.

Mfano mzuri ni filamu ya Marekani iitwayo *Stanley and Livingstone*, iliyotolewa mwaka wa 1939. Picha za safari zilipigwa Afrika ya Mashariki na kikosi kilichoongozwa na Otto Brower. Lakini Spencer Tracy, aliyekuwa Stanley, aliigiza sehemu yake Marekani. Nyika ya bara moja na uso wa mtu aliyekuwa bara jingine viliungwa pamoja, na mtazamaji akaona safari moja. Wala ukataji haukuanza na senema. Katika shajara ya Stanley, kurasa zihusuzo kukutana kwao Ujiji zimechanwa. Na mwanahistoria Tim Jeal, katika kitabu chake cha mwaka wa 2007, aliona kuwa salamu ile mashuhuri yaelekea ilibuniwa baadaye. Hata hivyo katika filamu salamu hiyo yasikika kinywani mwa Tracy kana kwamba haina shaka.

Basi kama hila ni ya zamani, uhariri wa kidijitali umeleta jambo gani jipya? Jibu limo katika kitu chenyewe kinachohaririwa. Zamani picha zilikaa juu ya utepe, ishirini na nne kwa kila sekunde. Mhariri aliukata utepe kwa chombo chenye makali na kuuunga kwa gundi, na aliyeshika utepe wa asili aliweza kukiona kiungo. Picha ya kidijitali ni tarakimu tupu. Picha moja yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta yaweza kubadilishwa peke yake bila kuacha kovu. Nguzo ya umeme huondolewa nyuma ya tembe. Wapagazi ishirini hufanywa elfu mbili. Mchana hugeuzwa machweo.

Hatari huwa kubwa zaidi picha ya kweli ya zamani inapotumiwa kama malighafi. Katika filamu *Forrest Gump* ya mwaka wa 1994, mwigizaji Tom Hanks, aliyezaliwa mwaka wa 1956, anaonekana akipeana mkono na Rais Kennedy, aliyefariki mwaka wa 1963. Picha ya Kennedy ilitoka katika hifadhi, na midomo yake ikabadilishwa ili ilingane na maneno mapya. Watazamaji walijua kuwa ni mchezo. Lakini kipande hicho kikitengwa na filamu yake, hakuna ndani yake alama imwambiayo mgeni kuwa shahidi huyu amepachikwa.

Haifuati kwamba kila picha iliyotiwa hila ni uongo. Huko Wakaliga, mjini Kampala, Isaac Nabwana alitoa mwaka wa 2010 filamu *Who Killed Captain Alex?*, ambayo helikopta zake na miali ya bunduki zilitiwa kwa kompyuta. Juu ya picha husikika sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akiwachekesha watazamaji na kuisifu filamu yenyewe. Hapo hadanganywi mtu, kwa kuwa hila imetangazwa.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kupambanua mambo haya, ila hayatumiwi kwa uangalifu. Neno *kuhariri* lina asili ya Kiarabu, ambako *tahrir* ni kuandika na kusahihisha, na pia kuweka huru. Lilifaa kwa maandishi. Siku hizi latwishwa kila kazi ifanywayo juu ya picha. Ingefaa kutenganisha *kuunga*, yaani kupanga vipande vilivyopigwa. *Kupachika*, yaani kutia kisichokuwapo. Na *kufuta*, yaani kuondoa kilichokuwapo. Juu ya hayo yote husimama maneno mawili, *kubuni* na *kuzua*. Tofauti ya kubuni na kuzua haimo katika picha, maana picha yaweza kuwa ile ile. Imo katika kile anachoambiwa mtazamaji. Abuniye husema kuwa amebuni, azuaye huficha.

Tangu miaka ya 2020 kompyuta zimeweza kuunda picha za senema kwa kupewa maneno tu, bila kamera wala mwigizaji. Msafara wa Unyanyembe sasa waweza kutengenezwa na mtu asiyepata kuiona Tabora, na kijana wa Isevya akauona kabla hajafika Kwihara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ile waliacha maandishi machache mno. Yaliyohifadhiwa zaidi ni maneno ya waliowaajiri. Picha ya kuzua ikiingia katika pengo hilo bila jina lake, vizazi vijavyo vitaichukua kuwa ushahidi. Kwa hiyo yapasa kila filamu iwekwayo katika maktaba au makumbusho iandikiwe mahali ilipopigwa, mwaka wake, na kilichoungwa, kilichopachikwa na kilichofutwa. Jicho peke yake haliwezi tena kazi hiyo.