Kiongoza hewa cha breki

Kiongoza hewa cha breki ni kipande chepesi, mara nyingi cha plastiki, kinachofungwa chini ya gari upande wa mbele ili kukamata hewa inayopita na kuielekeza kwenye breki za magurudumu ya mbele. Hutumika hasa katika magari ya michezo na ya mashindano, ambayo hupunguzwa mwendo mara kwa mara kutoka kasi kubwa. Kazi yake ni kuzipoza breki, kwa kuwa breki iliyopata joto kupita kiasi hupoteza nguvu na inaweza kushindwa kabisa kulisimamisha gari.

Asili ya joto

Breki hugeuza nishati mwendo ya gari kuwa joto. Dereva anapokanyaga pedali, pedi hubana diski inayozunguka pamoja na gurudumu, na msuguano kati yake huzalisha joto hilo.

Nishati mwendo hutegemea kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Gari lenye masi ya kilogramu 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya megajuli 0.58 hivi. Likienda kilomita 200 kwa saa lina megajuli 2.3, kiasi kinachotosha kupasha lita 7 za maji kutoka 25 °C hadi kuchemka. Kwa kuwa gari husimama kwa sekunde chache tu, sehemu kubwa ya joto hilo hubaki kwanza ndani ya diski, kisha huondolewa polepole na hewa. Katika uwanja wa mashindano dereva hufunga breki tena kabla diski hazijapoa, hivyo joto hulimbikizana.

Breki za mbele hupata joto zaidi. Gari linapofunga breki, uzito wake huegemea mbele. Matairi ya mbele hushika barabara kwa nguvu zaidi, na breki zake hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Jinsi breki inavyoshindwa

Joto huharibu kazi ya breki kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kwenye pedi. Kila aina ya pedi ina kiwango chake cha joto. Ikizidi hapo, msuguano hupungua. Dereva huhisi pedali ikiwa ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo inavyotakiwa.

Ya pili ni hatari zaidi, nayo hutokea kwenye mafuta ya breki. Joto la diski hupita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta. Yakichemka, hutoa mapovu ya mvuke. Kimiminika hakibanwi kwa urahisi, lakini mvuke hubanwa. Kwa hiyo pedali huzama hadi chini bila kusukuma pedi ipasavyo. Mafuta mapya ya kiwango cha DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya 230 °C. Hata hivyo mafuta ya aina hiyo hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita, na yakishapata unyevu kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 155 °C. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya muda, hata kama hayajapungua.

Hewa inapotakiwa kufika

Diski nyingi za magari ya michezo zina bapa mbili zilizoachanishwa, na katikati yake kuna vijia vya hewa. Diski inapozunguka hufanya kazi kama pampu: huvuta hewa karibu na kitovu na kuitupa nje kwenye ukingo. Kwa sababu hiyo kiongoza hewa kizuri huelekeza hewa kwenye kitovu cha diski, upande wa ndani wa gurudumu. Hewa inayopigwa kwenye uso mmoja tu wa diski husaidia kidogo, tena inaweza kuufanya uso huo upoe haraka kuliko mwingine, na diski ikapinda kutokana na tofauti ya joto.

Mfano wa Porsche 911

Porsche 911 ya toleo la 996, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1997, ilikuwa 911 ya kwanza ya barabarani kutumia injini inayopozwa kwa maji. Injini ilibaki nyuma, lakini rejeta ziliwekwa mbele, nyuma ya matundu ya pembeni ya bampa. Kwa kuwa hewa ya matundu hayo ilihitajika kwenye rejeta, viongoza hewa vya plastiki vilifungwa kwenye mikono ya chini inayounganisha magurudumu ya mbele na bodi, ili kukamata hewa inayopita chini ya gari.

Kiongoza hewa cha namna hii hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, lakini hakigeuki pamoja nalo linapopigwa kona. Upungufu huo si mkubwa, kwa kuwa breki kali hufungwa zaidi gari likiwa bado limenyooka, kabla ya kuingia kwenye kona. Aina ya GT3, iliyokusudiwa pia kwa viwanja vya mashindano, ilipewa viongoza hewa vikubwa zaidi, na wamiliki wengi wa 911 nyingine na wa Boxster wamevifunga kwenye magari yao.

Spoila ya mbele

Spoila ya mbele ni bamba linaloshuka chini ya bampa. Huzuia hewa nyingi kuingia chini ya gari, na hivyo hupunguza nguvu inayoinua sehemu ya mbele kwenye kasi kubwa. Lakini hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza breki. Gari likifungwa spoila bila njia nyingine ya hewa, linaweza kushika barabara vizuri zaidi huku breki zake zikipata joto zaidi. Kwa hiyo magari mengi ya mashindano hutobolewa matundu kwenye spoila yenyewe, na hewa hupelekwa hadi kwenye diski kwa mabomba yanayopindika.

Mipaka

Hewa inayokamatwa huongeza ukinzani dhidi ya mwendo wa gari, na kiongoza hewa kikubwa huweza kuvunjika kikigonga ukingo wa barabara. Pia hutegemea kasi: gari linaposhuka mlima mrefu polepole, hewa inayofika kwenye diski ni kidogo, hivyo kutumia gia ndogo ili injini izuie mwendo husaidia zaidi. Vilevile gari likisimamishwa mara tu baada ya kufungwa breki kali, upozaji hukoma wakati diski bado zina joto jingi, na joto huendelea kuhamia kwenye mafuta. Ndiyo sababu madereva wa mashindano huendesha taratibu kwa mzunguko mmoja kabla ya kuegesha.

Kiongoza hewa hakichukui nafasi ya pedi zinazofaa wala mafuta mapya ya breki. Huchelewesha kufikiwa kwa kiwango cha hatari cha joto, lakini hakiondoi kiwango hicho.